Kitanzi cha Tisini na Tisa

   

Kila mwaka kamati ya jarida hunitaka niandike juu ya fiqhi au tarehe, na kila mwaka nimeandika. Safari hii niliomba ruhusa niandike juu ya kofia. Walicheka, wakadhani natania. Nilipowaeleza kwamba ndani ya kofia hiyo mna hesabu, mna somo la kalenda ya Hijria, na mna kosa langu mwenyewe dhidi ya mwanafunzi wangu, walinyamaza wakaniambia niandike. Binti mwenyewe na mama yake nimewaomba idhini, na wameridhia, ila jina lake silitaji.

Wengi mtakumbuka kwamba mwaka 2022 tulikuwa na watoto wa kiume 24 wa darasa la chini waliohitimu Juzuu Amma. Wazazi walitaka siku ya hafla wavae sare. Kanzu kila mzazi alisema atamshonea mwanawe. Tatizo likawa kofia. Za dukani za rangi moja, na za vichwa vya watoto, hazikutimia 24, na bei yake ilikuwa si ya kuwabebesha watu. Mimi kwa mdomo wangu nikasema kwenye kikao, "Tutafuma wenyewe." Nilikuwa na wasichana 12 ninaowafundisha kazi za mikono siku za Alhamisi na Jumamosi. Kila mmoja kofia mbili, hesabu ikatimia. Tukanunua uzi wa pamba mweupe na wa kijani, na sindano za kroshia, zile zenye ndoano nchani. Tulikuwa na wiki sita.

Nieleze kwanza, kwa sababu wapo watakaosema kofia si za kufuma. Ni kweli kwamba kofia yetu ya asili huku pwani ni ya kitambaa, inayodariziwa kwa mkono tundu kwa tundu, na kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi. Hii ya uzi ni ndugu yake mdogo. Huanzia katikati ya utosi, ikazunguka kama sahani mpaka itoshe, kisha ikateremka ukuta, kisha ukingo. Mimi nilifundishwa na mama. Baba alipofariki, vitambaa vya makochi na kofia za uzi ndivyo vilivyolisha nyumba yetu, na ndivyo vilivyonilipia ada ya chuo mpaka nikapata stashahada yangu ya masomo ya Kiislamu. Mama hajawahi kuandika hesabu ya kofia popote. Mkono wake unajua.

Mimi mkono wangu haujui kama wake, ndiyo maana huandika.

Sasa tazama jinsi sahani ya utosi inavyokua. Unaanza na vitanzi 6. Mzunguko wa pili unatia viwili ndani ya kila kimoja, unapata 12. Wa tatu unaongeza 6 tena, unapata 18, kisha 24, kisha 30, na kuendelea. Kwa nini sita, si tano wala kumi? Darasani niliulizwa hivyo hivyo. Jibu liko kwenye duara lenyewe. Kila unapoisogeza duara nje kwa kipimo kimoja kutoka katikati, ukingo wake hurefuka kwa vipimo 6 na robo hivi. Kitanzi kifupi cha kroshia kina kimo karibu sawa na upana wake, kwa hiyo kila mzunguko ukingo unadai vitanzi sita na kitu kidogo. Sita vinatosha, kwa kuwa uzi unavutika. Ukiongeza vinne tu, sahani inainama inakuwa bakuli. Ukiongeza tisa, ukingo unajikunjakunja kama jani la kabichi. Na ukifuma kwa kitanzi kirefu, kile ambacho kimo chake ni kama mara mbili ya upana, basi utaongeza 12 kila mzunguko, kwa sababu umesogea nje mara mbili.

Liko jambo jingine ambalo wanaoanza hulishangaa. Hivyo vitanzi sita vya nyongeza ukivipanga kila mzunguko juu ya vile vya mzunguko uliotangulia, hupati duara, unapata umbo la pembe sita kama nati ya baiskeli. Dawa yake ni kuvisogeza: mzunguko huu nyongeza zianze hapa, mzunguko ujao zianze katikati ya nafasi. Idadi ni ile ile, umbali ni ule ule, ila mahali pamebadilika, na pembe zinapotea.

Kofia zetu zilikuwa na mizunguko 18, yaani vitanzi 108 ukingoni mwa sahani. Kwa uzi wetu sentimita 10 zilibeba vitanzi 19, kwa hiyo vitanzi 108 ni karibu sentimita 57, na hiyo sahani ina upana wa sentimita 18 hivi. Vichwa vya watoto wetu vilikuwa kwenye sentimita 51 na 52. Kwa hiyo juu kofia ilipwaya kidogo, kama inavyopendeza, na chini ilitakiwa ishike. Nikapiga hesabu kwamba ukingo uwe na vitanzi 98. Na 98 niliichagua kwa sababu nyingine pia: ua la ukingo, vile viwimbi vya kijani, huchukua vitanzi saba kila kimoja, na saba mara 14 ni 98. Viwimbi 14 vinazunguka kichwa na kukutana bila kubaki kitu.

Kazi ikawa ni kutoka 108 kwenda 98 katika mzunguko mmoja. Kupunguza kumi.

Siku hiyo nilikuwa na haraka. Nikaenda ubaoni nikagawa 108 kwa 10, nikapata 10 na baki 8. Nikaandika kwa herufi kubwa: FUMA 10, UNGANISHA 2, RUDIA. Nikawaambia, "Mwishoni mtabakiwa na nane, hivyo mvifume tu bila kupunguza." Nikafuta mikono chaki, nikaketi.

Baada ya nusu saa nikapita kukagua. Wote walikuwa wanafuma kumi na kuunganisha viwili, isipokuwa binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Yeye alikuwa amefuma tisa ndipo akaunganisha viwili, tena tisa na viwili, tena tisa na viwili, tena tisa na viwili, halafu nane na viwili. Nikamwambia, "Mbona hukufuata ubao?" Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, yangu imekuja 98." Nikamwambia asibishane. Nikamwambia afumue mzunguko wote, mbele ya wenzake, aanze upya kama ilivyoandikwa.

Hapa niseme ukweli ambao hauniheshimu. Binti huyu ni mgumu wa kuhifadhi. Sura wenzake wanayoimaliza kwa wiki, yeye humchukua mwezi, na akiimaliza anaisahau aya ya katikati. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimeshamweka mahali fulani moyoni mwangu, na nilipoona kazi yake ni tofauti na ya wengine sikuhesabu. Nilikagua kama imefanana na ubao, sikukagua kama imefika 98. Alifumua. Uzi wa pamba ukishafumwa ukafumuliwa hubaki na mawimbi, haunyooki tena mpaka uoshwe, na mawimbi yale aliyafuma tena kwa amri yangu.

Jumamosi tulianza viwimbi. Wa kwanza kumaliza mzunguko alinyanyua mkono: kimebaki kitanzi kimoja. Wa pili naye kimebaki kimoja. Wa tatu pia. Tukahesabu, kila kofia ilikuwa na vitanzi 99. Msichana mmoja, mwema wa moyo, akanifariji akasema, "Labda ni heri, Mwalimu, ni idadi ya Majina Mazuri." Tukacheka wote. Mwingine akauliza jambo ambalo lingenizindua kama ningelisikiliza: zile nane nilizosema zitabaki mwishoni zilikuwa wapi? Hakuna aliyezikuta. Mzunguko uliisha sawasawa kwenye muungano.

Nilichofanya ni hiki. Niliwaambia kila mmoja akiunganishe kitanzi kile na jirani yake pale mwisho, karibu na mwanzo wa mzunguko, ipatikane 98. Ikapatikana. Viwimbi vikakutana. Yule binti wa dirishani naye alikuwa na 99, kwa sababu alikuwa amenitii. Aliunganisha kama wengine, wala hakunitazama.

Jioni nilichukua kofia moja nyumbani kumwonyesha mama. Macho yake siku hizi hayana nguvu, sukari imeyaharibu, lakini alishika kofia akaizungusha ukingo wake kati ya kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayevuta tasbihi. Akaenda, akaenda, akasimama. Akasema, "Hapa pana kitu. Huku kote uzi umekaa, hapa umebanwa." Nikamwambia kilizidi kitanzi kimoja, tukakipunguza hapo. Akasema, "Na kwa nini deni la kofia nzima umemlipisha mtu mmoja?" Akanirudishia, akaomba chai.

Usiku ule, baada ya Isha, nilikaa na kofia, karatasi na kalamu. Haikunichukua muda kuliona kosa, na kuliona kwake kuliniuma zaidi kwa kuwa ni kosa jepesi. Unapounganisha viwili, unakula vitanzi viwili vya mzunguko wa chini. Kwa hiyo "fuma 10, unganisha 2" ni fungu la vitanzi 12, si la 10. Na 108 ukiigawa kwa 12 ni mafungu tisa kamili, bila baki. Ndiyo sababu tulipunguza mara tisa badala ya kumi, ndiyo sababu tulipata 99, na ndiyo sababu zile nane hazikuonekana. Fungu la kumi linatakiwa lihesabiwe pamoja na vile viwili vya kuunganishwa: fuma 8, unganisha 2.

Lakini hata hivyo baki ya 8 bado ilikuwepo. Kama ningewaambia vizuri, fuma 8 unganisha 2 mara kumi, wangekula vitanzi 100, na vile nane vingerundikana mahali pamoja mwishoni, ubavu mmoja wa kofia ukawa umelegea kuliko mwingine. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule binti: tisa na viwili, mara nyingi, nane na viwili, mara chache. Tisa na viwili ni fungu la 11. Nane na viwili ni fungu la 10. Mafungu manane ya 11 ni 88. Mafungu mawili ya 10 ni 20. Jumla 108. Alikuwa ameichukua ile baki ya 8 akaigawa, kimoja kwa kila fungu, kwa mafungu manane, na mawili yaliyokosa akayaweka kinyume, moja upande huu wa kichwa na moja upande wa pili.

Nikakaa kimya kitambo.

Mezani palikuwa na daftari langu la somo la kesho yake, kalenda ya Hijria kwa darasa la tano. Ukurasa ulikuwa wazi kwenye orodha ambayo kila mwanafunzi wangu anaikariri, na ambayo mimi nami niliikariri chuoni kwa ajili ya mtihani: 2, 5, 7, 10, 13, 16, 18, 21, 24, 26, 29. Hiyo ni miaka mirefu, inayoitwa kwa Kiarabu kabisa (siyo hili "kabisa" letu la kusisitiza), ndani ya kila miaka 30 ya kalenda ya hesabu. Mwezi mmoja wa angani, kutoka mwandamo hadi mwandamo, kwa wastani ni siku 29, saa 12 na dakika 44, na sekunde chache. Miezi 12 ni siku 354, saa 8 na dakika 48. Mwaka wa hesabu hauwezi kuwa na saa nane, kwa hiyo zile saa 8 na dakika 48 hubaki. Katika miaka 30 mabaki hayo hukusanyika yakawa siku 11 kamili. Basi miaka 19 hupewa siku 354, na miaka 11 hupewa siku 355, ile siku moja ikiongezwa mwisho wa Dhul-Hijja. Jumla ni siku 10,631.

Nilifundisha haya miaka kadhaa bila kujiuliza kwa nini ni mwaka wa 2, wa 5, wa 7, na si miaka 11 ya mwisho mfululizo. Usiku ule nilihesabu nafasi kati yake kama ninavyohesabu vitanzi: kutoka 2 hadi 5 ni tatu, kisha mbili, tatu, tatu, tatu, mbili, tatu, tatu, mbili, tatu, na kutoka 29 hadi wa pili wa duru ijayo ni tatu. Nafasi nane za miaka mitatu, na nafasi tatu za miaka miwili. Nikagawa 30 kwa 11: ni 2, baki 8. Mafungu manane yamepata cha ziada, matatu hayakupata, na yale matatu yametawanywa. Hesabu ya kofia, neno kwa neno. Wataalamu wa falaki hawakuliacha deni likae mpaka mwisho. Kila mara mabaki yalipopita nusu siku walilipa siku nzima, wakaenda mbele. Mwaka wa 15 mabaki huwa ni nusu siku sawasawa, haijapita wala haijapungua, ndiyo maana mtaona baadhi ya orodha zimeandika 15 pale ambapo nyingine zimeandika 16.

(Wanafunzi wangu msinichanganye. Kalenda hii ni ya kupangia tarehe. Kufunga na kufungua tunaangalia mwezi.)

Sasa nirudi kwenye kofia, nisije nikajificha nyuma ya elimu. Hafla ilikuwa imebaki siku tisa. Kofia 24 zilikuwa zimekwisha, na ukizitazama kwa macho zilikuwa nzuri. Hakuna mzazi ambaye angepapasa ukingo wa kofia ya mtoto kutafuta kitanzi kilichobanwa. Nilijiambia hivyo zaidi ya mara moja. Nilijiambia pia kwamba mwalimu akijikosoa mbele ya watoto heshima hupungua, na kwamba ningeweza kumwita binti pembeni nikampa pipi. Lakini nilikuwa nimemfumulisha mbele ya watu. Sikuona njia ya kumrudishia pembeni kitu nilichomvua hadharani.

Alhamisi niliandika ubaoni mistari miwili. Juu: fuma 10, unganisha 2, mara 9, jumla 108, zimebaki 99. Chini: fungu la 11 mara 8, fungu la 10 mara 2, jumla 108, zimebaki 98. Nikawaambia mstari wa juu ni wangu na ni makosa. Wa chini ni wa mwenzenu, ni sahihi, nami nilimwamuru aufumue bila kuuhesabu. Nikamtaja jina, nikamwomba msamaha. Darasa lilikuwa kimya mpaka ukasikia kuku nje. Yeye aliangalia sindano yake akasema, "Sawa, Mwalimu." Si zaidi ya hapo.

Nikamuuliza alipataje, kwa kuwa kugawa kwa baki kwenye daftari najua humpiga chenga. Hakutaka kuja mbele. Akasema kutoka pale pale alipokaa kwamba hakugawa. Nyumbani yeye ndiye anayepakua chakula cha wadogo zake. Alichukua choroko 108 akazipakua kwenye vikombe kumi, moja moja, akizunguka, kama anavyogawa viazi kwenye mchuzi ili asilie mtu. Zilipokwisha, vikombe vinane vilikuwa na 11 na viwili vina 10. Vile viwili akaviweka mbalimbali, "wasikae pamoja waliopata kidogo, watanung'unika." Kisha kila kikombe, choroko mbili za mwisho ndizo za kuunganisha.

Tangu siku hiyo sifundishi kwa njia nyingine. Kama huna choroko, gawa kwa kalamu: jawabu ndilo fungu dogo, jawabu na moja ndilo fungu kubwa, na baki ndiyo idadi ya mafungu makubwa. Kuongeza ni hivyo hivyo. Tuseme una vitanzi 108 na ua lako ni la vitanzi vitano, unataka 115, yaani kuongeza saba. 108 kwa 7 ni 15, baki 3. Basi mafungu matatu ya 16 na manne ya 15, uyapishanishe: 15, 16, 15, 16, 15, 16, 15. Katika kila fungu kitanzi cha mwisho ndicho utakachotia viwili, kwa hiyo unafuma 14 au 15 kisha unaongeza. Usisahau kukihesabu hicho cha mwisho ndani ya fungu. Hapo ndipo nilipoangukia mimi.

Kwa kitambaa cha kwenda na kurudi, si cha kuzunguka, iko hila nyingine ndogo. Ukiwa na vitanzi 60 unataka kuongeza vitano, fungu ni 12, lakini ukiongeza kila baada ya 12 ya mwisho itakaa ukingoni kabisa na kuuvuta. Anza na nusu fungu: ongeza kwenye kitanzi cha 6, kisha cha 18, cha 30, cha 42 na cha 54, zibaki sita. Ni kama kupanda minazi kwenye uwanja. Hupandi mti juu ya mpaka wa jirani.

Aliyemaliza kuuliza siku ile alikuwa yule yule aliyenifariji kwa Majina Mazuri: "Kwa hiyo tunafumua zote?" Nilisema ndiyo. Waliguna, na walikuwa na haki. Ilikuwa kutoa viwimbi vyote vya kijani na mzunguko mmoja chini yake, kofia 24. Jioni zile nilikaa nao mpaka karibu na Magharibi, na mama alizipokea kofia sita nyumbani akazirekebisha kwa vidole, bila choroko wala ubao. Nilipozihesabu zake zilikuwa 98 zote. Nilipomuuliza anajuaje, alisema, "Panapotaka, napunguza."

Kesho yake, kabla ya Ijumaa, mama wa yule binti alikuja. Nilidhani amekuja kunilaumu, nikajiandaa. Kumbe alikuja na mkungu mdogo wa ndizi kuniomba radhi, kwamba mwanawe ameniaibisha mbele ya darasa. Mtoto alikuwa amemweleza habari nzima, naye alichokisikia ni kwamba mwalimu ameomba msamaha kwa sababu ya mwanawe. Tulizungumza muda mrefu barazani. Sina hakika kama nilimridhisha. Alipoondoka bado alisema, "Lakini mwalimu ni mwalimu," nami ndizi nikazipokea.

Siku ya hafla kofia 22 zilikuwa zimerekebishwa. Mbili hatukuwahi. Zilivaliwa zikiwa na kitanzi kilichobanwa, na watoto waliozivaa walisoma vizuri kama wengine, alhamdulillahi. Mojawapo ilirudishwa kwangu baadaye ilipombana mwenyewe, nami ninayo.

Binti bado anahifadhi polepole. Mwezi uliopita amemaliza Suratul Mulk, na aya ya katikati aliikumbuka. Alhamisi huwasaidia wadogo katika kupunguza, na aliniachia kimfuko chake cha choroko 108 kiwe cha darasa. Nilizihesabu juzi nikakuta 103, sijui kama ni wadudu au ni mtu aliyezitia mchuzini. Anayetaka kujifunza aje Alhamisi baada ya Alasiri, na uzi wake na sindano yake, na choroko tano kama anazo.